Kabla Hujaishangilia Grafu Yako: Kwa Mnaoanza Kazi ya Dawa Zinazotoka Polepole

Julai yangu ya kwanza maabara hapa Nairobi, nilipata grafu iliyonifanya nimpigie mama simu. Nilikuwa nimefungia protini, ndiyo dawa yangu, ndani ya chembe za PLGA, polima ambayo mwili huiyeyusha taratibu, nikaziweka kwenye bafa (maji yenye chumvi zinazozuia asidi isipande wala kushuka) ya nyuzi 37. Protini ikatoka vizuri kuanzia Jumatano. Vipimo vya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi vikakaribia kulingana, kisha mchana ikaanza kutoka tena. Nikajenga nadharia nzima ya tabaka la nje na la ndani, hata nikaichora kwa rangi.

Jumatatu askari wa lango akaniuliza, "Daktari, ile stima ya Ijumaa usiku ilirudi saa ngapi huko kwenu?" Wakati huo hata shahada ya uzamili sikuwa nayo, lakini hilo halikuniuma kama swali lenyewe. Maji ya kuogeshea chupa yalikuwa yamepoa usiku kucha, na ule usiku wa Julai mnaujua. Tabaka langu la ndani lilikuwa ni baridi tu. Siku hizi pembeni ya kila sampuli naandika saa na joto la maji, nililolisoma kwa macho yangu kwenye kipimajoto, wala siamini namba inayong'aa kwenye mashine.

Ndiyo maana mgeni akija kwetu simwanzishii na hesabu za Higuchi za kukadiria kasi ya dawa kutoka, ingawa tangu 1961 hatujaziacha. Namwambia: ukiona dawa inatoka polepole, shuku kazi yako kwanza, polima baadaye.

Shuku bafa. Dawa nyingi hazipendi maji, na bafa ikishashiba, dawa haitoki hata kama umeiweka wazi bila kifuniko. Tafuta kwanza ni kiasi gani kinayeyuka, kisha tumia angalau mara 3 ya bafa ambayo dawa yako yote ingeishibisha. Ukichota mililita moja ya kupima, rudisha mililita moja ya bafa mpya yenye joto lile lile, na ile uliyoichota usiisahau kwenye hesabu. Tena, chembe za alginati, ile jeli ya mwani, usizitie kwenye bafa ya fosfati bila kufikiri: fosfati hunyakua kalsiamu inayozishikilia, na asubuhi unakuta uji.

Shuku mfuko wa dayalisisi, ule wa utando wenye vitundu vidogo unaopitisha dawa na kuzuia chembe. Dawa iliyomo humo ina milango miwili ya kupita, wa chembe na wa mfuko, nawe unapima wote kwa pamoja. Weka kando yake mfuko mwingine wenye dawa peke yake, bila chembe. Nimeona mtu akigundua, miezi minane baadaye, kwamba grafu zake mbili zinalalana kabisa: muda wote alikuwa akipima mfuko.

Protini ndiyo mjanja kuliko wote. Hujibandika kwenye kuta za chupa, hujikunja na kugandana, halafu spektrofotometa, mashine inayopima dawa kwa mwanga, inasoma kidogo nawe unaandika "bado imo ndani". PLGA yenyewe inapovunjika huzaa asidi ya laktiki na ya glikoliki, na asidi hiyo ikinaswa katikati ya chembe huiharibu protini kabla haijatoka. Wapo wanaochanganyia magnesiamu haidroksidi kidogo, ile ile ya dawa ya kiungulia, ikapoza mambo. Kwa vyovyote, mwishoni zivunje chembe na uhesabu kilichobaki. Kilichotoka ukijumlisha na kilichobaki kisipofika ulichoweka, una deni la kueleza.

Ukitaka kuona mambo haya nje ya maabara, angalia vijiti vya uzazi wa mpango: Jadelle ni viwili vya silikoni, kila kimoja na miligramu 75 za homoni ya levonorgestreli, na hukaa mkononi miaka 5. Sindano ya miezi mitatu haina polima ya kuifungia dawa. Ni fuwele za dawa zinazoyeyuka kwa uvivu pale zilipodungwa. Na neti ya Olyset ina permethrini iliyokandwa ndani ya uzi wa polithini, kwa hiyo ukiifua, dawa ya juu huondoka na ya ndani husogea kuchukua nafasi yake. Napenda sana hiyo neti.

Nanyi mnaotengeneza viuatilifu vya kutoka polepole, bafa safi haitawaambia lolote kuhusu shamba la Kiambu. Leteni udongo, na jua.

Jambo la mwisho ni la friza. PLGA ni ghali, na kuisubiri ifike kutoka ng'ambo ni adhabu. Ukiitoa kwenye baridi, iache chupa ikiwa imefungwa mpaka ishike joto la chumba. Ukiifungua kabla, unyevu wa hewa utaganda juu ya unga, na polima itaanza kuvunjika kabla hujaipima hata gramu moja.