Mwanamke Akikaa, Uzito Wake Unakwenda Wapi?

Wiki iliyopita binti mmoja anayechora kule Mwanza aliniandikia: "Dada, wanawake unaowachora wanaonekana kabisa wamekaa, wamechoka, wanafikiri. Wa kwangu wamesimama tu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona wengi wenu mna swali hilo hilo, maana sote tunatafuta picha itakayomsimamisha mpita njia.

Mimi nimelelewa na rangi za kopo. Ubao wa hadibodi wa sentimita 60 kwa 60, rangi za kung'aa kama alizotumia Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam kabla hajafariki mwaka 1972. Kazi hiyo ilinipa mkono usiotetemeka na mstari safi, nami naiheshimu mpaka leo. Lakini wanawake niliowachora wakati huo walikuwa wa namna moja: warefu, wembamba, mtungi kichwani, sura hawana. Walinunuliwa, kodi ikalipwa, miaka ikaenda.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja muuza samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Nilikuwa nakaa pembeni yake na daftari na kipande cha mkaa, namchora akikaanga, na kila nikichora anatoka kama anaelea hewani. Siku moja nikaacha kumtazama usoni, nikatazama kigoda. Kigoda ni kifupi, kwa hiyo magoti yalikuwa juu kuliko nyonga na mgongo umepinda. Karai liko kulia, basi uzito wote umelalia tako la kulia, bega la kulia limeshuka, ubavu wa upande huo umejikunja na wa kushoto umenyooka. Nilipochora hayo tu, bila macho wala pua, alikuwa yeye. Majirani zake walimtambua.

Tangu hapo sianzi na uso. Naanza pale mwili unapogusa chini. Akiwa amesimama, natafuta mguu unaobeba: nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo mara nyingi hushuka. Chora mstari wa mabega na mstari wa nyonga kwanza. Ikiwa mistari hiyo imelala sambamba, mtu wako atasimama kama gwaride.

Halafu khanga. Wengi wanaanza na maua kwa sababu maua ni matamu kuchora. Chora mwili kwanza kana kwamba hakuna nguo, ndipo umfunge khanga. Pindo litakuonyesha kama umeuelewa mwili: linavunjika kwenye goti, linazama kwenye mkunjo wa kiuno, linatokea tena pajani. Nikiona mama ameketi na jina la khanga yake linasomeka lote, herufi kwa herufi, najua mchoraji amechora kitambaa dukani.

Rangi ya ngozi: nyeusi ya tyubu nimeiacha kabisa. Kahawia iliyokolea nikiichanganya na bluu ya ultramarini napata giza lenye uhai, na chini yake natanguliza wekundu wa udongo. Mwanga kwenye paji la uso siufanyi mweupe, kwa maana mchana ngozi yetu inarudisha bluu ya anga.

Na sikiliza kabla ya kuchora. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, ambaye maonyesho yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam mwaka 1980, alikaa na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, akazungumza nao, ndipo akachora. Picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 leo iko National Portrait Gallery, jumba la picha za watu kule London, ya kwanza ya kuchorwa na mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina yao. Sisi tunapiga picha kwa simu haraka haraka, tunakimbia nyumbani kunakili. Simu haijui uzito uko wapi.

Picha ya yule mama wa Feri niliipeleka kwa mwenye duka moja la sanaa. Aliitazama kidogo, akasema wageni hawanunui mama mnene aliyekaa, nimletee wa mtungi. Maneno hayo bado yananiuma, nami sitayaficha. Picha ilikaa ukutani kwangu muda mrefu. Mwezi huu imenunuliwa, na aliyeinunua ni Mtanzania, mwanamke, kwa bei niliyoitaja mimi bila kupunguza hata shilingi. Ameitundika sebuleni kwake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mwanza, nenda sokoni, nenda mwaloni. Chora kila siku. Tafuta uzito, tafuta uzito tena. Omba ruhusa kwanza, na ukimchora mtu anayeuza, nunua chake kabla hujafungua daftari. Ukimaliza mwonyeshe. Akisema ule mkono si wake, kaa chini uurekebishe mbele yake.