Jibu la msomaji: Mwaridi wenu una njaa, au umekabwa na chokaa?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kwa nini mwaridi ulionunuliwa kitaluni ukiwa umechanua vizuri hugeuka manjano na kukonda ndani ya miezi michache ukishafika nyumbani, Unguja au Pemba, na ufanyiwe nini udumu. Najua wengi watajibu kwamba umekosa mbolea. Majumbani mwetu mara nyingi sivyo. Mbolea huwa imo tele, ila mti hauwezi kuila kwa sababu udongo umejaa chokaa, na pengine maji ya kisima yana chumvi.

Kabla ya kutia chochote, tazama jani. Yakiwa ni majani machanga ya juu yaliyogeuka manjano, na vishipa vimebaki kijani kama vilivyochorwa kwa kalamu, mti umekosa chuma. Chuma kimo ardhini, lakini chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Yakiwa ni majani ya chini yaliyofifia jani zima, vishipa na vyote, hapo ndipo penye njaa ya naitrojeni na mbolea itasaidia. Ncha na kingo zikikauka rangi ya kahawia huku katikati pakiwa kijani, shuku chumvi. Anayetia samadi kwa maradhi yote matatu huponya moja tu, na la chumvi hulizidisha.

Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5. Udongo wa maweni, kuanzia Makunduchi na Jambiani mpaka Micheweni, umetokana na mawe ya matumbawe na kwa kawaida hupita 7.5, yaani hauna uchachu tena. Hata mwenye kiwanja cha udongo mwekundu huenda ana chokaa ya mafundi waashi iliyobaki uani. Kipimo chake ni rahisi: chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, tia siki. Ukifoka na kutoa vipovu, una chokaa. Sikiliza pia kwa sikio, maana chokaa ikiwa chache vipovu havionekani vizuri lakini husikika vikichachatika.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kutia jivu la jikoni na maganda ya mayai, unaofaa kwingine penye udongo mchachu, kwetu una madhara. Vyote viwili huongeza kilekile kilichozidi. Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) nayo huchanganywa na chokaa kiwandani. Chagua SA (salfeti ya amonia), ambayo hupunguza chokaa kidogokidogo. Salfa ya unga husaidia udongo mwekundu, ila ardhi ya maweni haiwezi: chokaa iliyomo ni nyingi mno, utamaliza mfuko bila kuona tofauti. Ukinunua dawa ya chuma, soma paketi. Iliyoandikwa EDTA huvunjika udongo ukiwa na chokaa. Iliyoandikwa EDDHA ndiyo inayostahimili.

Kwa anayeishi kwenye maweni, ushauri wangu ni mmoja: panda kwenye chombo. Ndoo ya lita 20 inatosha mti mmoja, ikitobolewa matundu sita chini na kuinuliwa juu ya matofali ili maji yatoke. Changanya udongo mwekundu, ule wa Kizimbani au Dole, sehemu mbili. Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita au zaidi sehemu moja. Na vumbi la makumbi ya nazi sehemu moja. Hapo kwenye makumbi ndipo watu wanapoangamiza miti yao. Makumbi yetu huozeshwa pwani, yamelowa maji ya bahari. Yaroweke kwenye maji yasiyo ya chumvi siku nzima, mwaga maji hayo, rudia mara tatu, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, rudia tena. Mwani uliokauka, kwa anayeutia, uoshwe vivyo hivyo. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa, hata ukiuosha chumvi, kwani wenyewe ni matumbawe na makombe yaliyosagika.

Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi, saa sita za jua kwa siku, na kivuli kuanzia saa nane mchana. Ukuta unaozuia upepo wa kusi ni neema kwa waliokaribu na bahari, lakini ukuta uliopakwa chokaa humwaga chokaa chini yake kila mvua inaponyesha. Uache mti umbali wa mita moja.

Maji ya mvua ndiyo bora. Hayana chokaa wala chumvi. Yakinge yanayotiririka kutoka kwenye bati, ila mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na chumvi ya upepo. Wakati wa kaskazi mti wa ndooni hutaka lita mbili hadi tatu kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, shinani. Mwenye maji ya kisima tu amwage lita 40 kwa mpigo mara moja kwa mwezi, polepole, zipite na kutoka chini. Hizo husukuma nje chumvi iliyojikusanya, mradi maji yenyewe hayana ladha ya chumvi.

Masika huleta madoa meusi yenye kingo zilizochanika, kisha jani hugeuka manjano na kuanguka, kuanzia chini kwenda juu. Ni ukungu, na mbegu zake huhitaji jani libaki majimaji kiasi cha saa saba hivi ili ziote. Ndiyo maana kumwagilia magharibi juu ya majani ni kuuita. Okota majani yaliyoanguka uyachome, usiyatie kwenye mboji, na anza kupiga dawa ya mankozebu kabla mvua hazijashika, kwa kipimo cha kwenye paketi. Kaskazi huleta utitiri: vidoa vidogo kama vya ncha ya sindano na utando mwembamba chini ya jani. Maji ya nguvu chini ya majani, asubuhi, siku tatu mfululizo, hutosha mara nyingi. Vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba, fuata njia ya sisimizi utavikuta.

Kuhusu aina: usihangaike na waridi la marashi la Jabal Akhdar, kule Omani. Hilo limezoea milima ya kama mita 2,000 yenye baridi kali, na huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Joto letu litalipa majani matupu. Miti ya mawaridi makubwa inayoletwa kutoka nyanda za baridi za Bara huishi, lakini maua hupungua ukubwa, hilo si ugonjwa. Waridi dogo la pinki lenye vishada, linalooteshwa kwa kijiti, ndilo linalochanua mwaka mzima kwetu, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kijiti chake kikate baada ya ua kupukutika, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea. Acha jani moja juu, zika macho mawili, funika kwa chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, weka kivulini. Wiki nne hadi sita kina mizizi.

Kupogoa: punguza theluthi ya mti mwezi wa tisa, kabla ya vuli, na kidogo tena masika yakiisha. Ua likinyauka, kata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Tangu kukatwa mpaka kuchanua tena ni kiasi cha wiki sita. Mwenye harusi na ahesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo, na akate miti yote asubuhi moja.

Msomaji wenu,
Fuoni, Unguja