Mistari ya sakafuni ghalani: tepu au rangi?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza uchore mistari kwa tepu au rangi, na umesema foklifti (gari la kunyanyulia mizigo) na wapagazi wanapita njia moja, usikimbilie kununua chochote. Kwanza angalia foklifti inakatia kona wapi, halafu njia ya watu ipitishe mbali na hapo. Tepu inafaa kandokando. Panapogeuka magurudumu itabanduka upesi, hapo paka rangi ya epoksi (rangi ngumu ya sakafu). Ila ukipaka juu ya grisi umetupa hela, kwa hiyo sakafu isuguliwe na ikauke kabisa. Mstari uwe na upana wa sentimita 5 hadi 15. Njano kwa njia, nyekundu kwenye mitungi ya kuzimia moto. Mbele ya swichibodi (ubao wa swichi za umeme) chora mistari ya mshazari, kuanzia kwenye ubao hadi kama mita moja mbele yake, ili pabaki wazi, maana maboksi huhamia hapo yenyewe!