Kampuni changa inayokua kwa kasi: ubaya wake nilivyouona hapa Dodoma

Mkuu, umesema umemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), una kibarua cha mkataba pale Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na kuna kampuni changa imekuita kwa sababu "inakua kwa kasi", na imekuahidi hisa. Unataka kusikia ubaya tu, uzuri wameshakuhubiria. Mimi nimefanya kazi kwenye kampuni ya aina hiyo hapa hapa Dodoma, tukinunua mahindi na alizeti kwa wakulima na kuwalipa kwa simu. Jina nalihifadhi.

Wengi humu watakuambia kazi ni nyingi. Ni nyingi kweli, ila hiyo unaizoea. Mimi kilichonishinda ni zile ahadi. Kampuni inakua kwa ahadi, na anayezitoa ni wewe uliye kijijini. Tuliwaambia wakulima wa Kongwa kwamba ukishapima mzigo, hela inaingia kwenye simu siku hiyo hiyo. Mwanzoni ilikuwa hivyo. Wawekezaji wakataka kuona idadi ya wakulima ikipanda, zikafunguliwa ofisi Manyoni na Singida wakati Kongwa kwenyewe hakujatulia, na hela ya kulipia magunia ikaishia kwenye pango, magari na posho. Sasa huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, mtu anavuna mara moja kwa mwaka. Ukimcheleweshea hela yake umeshika ada ya mtoto. Angeweza kupeleka mahindi soko la Kibaigwa akalipwa taslimu, lakini alikuamini wewe. Na namba aliyonayo ni yako, ya mkurugenzi hana. Ilifika mahali nikawa nakwepa kwenda mnadani hata kununua nyama, huku bosi yuko Nairobi anapigiwa makofi ya "ukuaji".

Hata hiyo idadi yenyewe ilikuwa kichekesho. Tulisajili yeyote mwenye simu na kitambulisho, awe na shamba asiwe nalo, maana lengo la mwezi halikuuliza kilo.

Halafu kuna suala la nafasi yako. Mnaoanza mnafanya kila kitu, kuanzia kupakia magunia hadi kuandika ripoti ya mfadhili. Kampuni ikinenepa wanaletwa wakubwa kutoka Dar (siku hizi wanashuka na treni ya SGR Jumatatu, Ijumaa wamerudi kwao), unawafundisha vijiji na majina ya wenyeviti, wiki inayofuata wanakusainia likizo. Cheo changu kilibadilishwa jina mara kadhaa, mshahara haukusikia.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndipo pa kukazia macho. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya nusu ya hiyo. Kwenye karatasi ya mshahara nilikatwa kila mwezi. Nilipoenda kuomba taarifa ya michango, miezi mingine ilikuwa mitupu. Hela ya kampuni inayokimbia hutumika kwanza kwa anayepiga kelele, na mfuko wako wa uzeeni haupigi kelele. Nenda ukaangalie ukiwa bado kazini.

Saa za kazi sitazungumza sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Ukiitaja unaambiwa "sisi ni familia". Familia hiyo hiyo hela ikikauka inapunguza watu, na ukiwa hujatimiza miezi sita kazini, kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu. Ukiwa umeipita, malalamiko yafike CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30.

Kujifunza utajifunza, hilo siwanyimi.

Kuhusu hizo hisa walizokuahidi: kama hazimo kwenye mkataba, zihesabu hazipo. Wakikupa karatasi usisaini siku hiyo. Futa majina, iweke hapa tuisome kifungu kwa kifungu, wanasheria humu wapo.