Mwanangu kapangwa mkondo C wa hesabu, nikubali tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi hapa Makorora, Tanga. Mwanangu yuko kidato cha pili, mwaka huu shule imewapanga hesabu kwa alama, waliofanya vizuri A, wa kati B, waliobaki C na yeye kaangukia huko. Toka hapo daftari la hesabu halifunguliwi, anasema mama sisi ndo vilaza, hata ticha anajua. Nimeenda kuuliza naambiwa ni kwa faida yake, asiburuzwe na vipanga. Ni kweli au nimetulizwa tu?

JIBU: Marahaba mama. Umeambiwa nusu ya ukweli. Magharibi mwa Kenya kuanzia 2005 wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 121, kila shule ilipata mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mawili, karibu nusu ya shule zikagawa watoto kwa alama na zingine zikagawa kwa bahati nasibu tu. Baada ya mwaka na nusu shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na hata watoto wa kundi la chini walipanda, maana mwalimu aliweza kuanzia pale walipo.

Sasa sikia sehemu ambayo huwa haisemwi: mwalimu gani ashike kundi gani iliamuliwa kwa kura ya bahati nasibu. Huku kwetu hakuna kura mama, walimu wa hesabu wachache, yule mzoefu anapewa A ili shule ing'ae kwenye matokeo, C wanapewa mwanachuo wa fildi na akiondoka vipindi vinakaa tupu, alafu mtihani wa upimaji unaokuja ni uleule kwa wote na hauulizi ulikuwa mkondo gani. Hilo ndo linaloniuma. Kidato cha nne 2023 waliofaulu hesabu nchi nzima ni kama robo tu, kwa hiyo tukiwaweka pembeni hawa wa C tunawaweka pembeni watoto wengi mno.

Ila usidhani kuwachanganya peke yake kunatosha. San Francisco, Marekani, mwaka 2014 waliondoa aljebra darasa la nane ili watoto wote waende pamoja na weusi na walatino wasiachwe, wazazi wenye hela wakawalipia watoto wao masomo nje ya shule, na 2024 wapiga kura wakasema irudishwe.

Kwa hiyo usiende kudai mkondo uvunjwe. Omba karatasi yake ya mtihani uone alama zimepotelea wapi, mara nyingi utakuta jiometri anaiweza kabisa na kinachomwangusha ni hesabu za sehemu na namba hasi za shule ya msingi, hilo mwalimu makini analinyoosha ndani ya muhula. Muulize mwalimu wa taaluma nani anafundisha C, vipindi vingapi vinafundishwa kweli, na lini wanapimwa tena ili aliyepanda ahamishwe. Na hilo neno vilaza litaje hukohuko ofisini, lisisikike tena darasani. Wakikwambia C ni C mpaka kidato cha nne, tafuta wazazi wengine wa C, mlipeleke pamoja kwenye kikao cha wazazi, mzazi mmoja wanamzungusha ila ishirini hawawezi.