Ukuta unatoa chumvi na kubanduka rangi: marumaru si dawa

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ngamiani hapa Tanga, kwenye nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba. Ni ya matofali ya saruji ya inchi 6, na mbele ina baraza. Vyumba viwili vya mbele, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi inabanduka na ukuta unatoa unga mweupe. Tumeshapiga lipu upya mara mbili. Mara ya pili tulichanganya saruji na dawa ya kuzuia maji, tukapaka rangi ya mafuta. Ilipita masika moja tu, mambo yakarudi, na sasa unyevu umepanda kuliko mwanzo. Fundi wetu anashauri tubandike marumaru mpaka usawa wa dirisha tumalize kabisa. Mama analala chumba kimojawapo na ana pumu. Je, marumaru zitasaidia? Na kipi tunaweza kufanya wenyewe, maana fedha ni ndogo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Jibu la swali la kwanza ni hapana, hizo marumaru msizibandike. Fedha hiyo itawafaa kwenye ukuta huo huo kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya kazi mnaiweza wenyewe.

Tofali la saruji lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Likikaa juu ya msingi wenye maji bila kizuizi, maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Njiani hubeba chumvi, ya ardhini na ya ndani ya ukuta wenyewe. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki. Huo ndio unga mweupe mnaoufagia kila wiki. Chumvi ikijikusanya nyuma ya rangi huisukuma mpaka ibanduke, kisha inageukia lipu. Kwa kawaida unyevu wa aina hii husimama kwenye mita moja hivi kutoka chini, pale ambapo maji yanayopanda na yanayokauka yanalingana. Ukiziba uso wa ukuta kwa lipu kali ya saruji, rangi ya mafuta au marumaru, maji yanakosa pa kukaukia. Hayarudi chini, yanazidi kupanda mpaka yapate uwazi. Ndiyo sababu baada ya matengenezo ya pili unyevu wenu ulivuka kiuno. Marumaru zikiishia dirishani, utauona unyevu juu ya dirisha, na zenyewe zitaanza kuachia ukuta moja moja.

Chumvi ina tabia nyingine inayowachanganya wengi. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa kama asilimia 75 kwenda juu huanza kunyonya maji ya hewa hiyo na kuyeyuka, na hewa ya Tanga asubuhi hufika hapo kirahisi. Kwa hiyo ukuta unaweza kuonekana umelowa hata katikati ya kiangazi, hakuna mvua wala bomba linalovuja. Lipu iliyojaa chumvi haiponi kwa kukaushwa, inatakiwa itolewe.

Lakini kabla hamjashika nyundo, jueni maji yanatoka wapi. Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea, kwa sababu fundi huitwa kupiga lipu, naye anapiga lipu.

Anzeni na bomba. Usiku fungeni koki zote, hakikisheni tangi la choo limejaa na limetulia, andikeni namba za mita, kisha zisomeni tena alfajiri kabla mtu hajachota maji. Zikiwa zimesogea, kuna mvujo mahali. Halafu chukueni kipande cha nailoni angavu cha kama nusu mita kwa nusu mita, futeni ukuta vumbi, kibandikeni kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, mkiache siku mbili. Matone yakijitokeza upande wa nyuma, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani tu, tatizo ni hewa ya chumba isiyopata pa kutokea, na hapo tazameni kama yale matundu ya hewa juu ya madirisha yalizibwa mlipoweka vioo vya aluminiamu. Nimeyaona yamezibwa kwenye nyumba nyingi, eti yanaingiza mbu. Wekeni wavu, matundu yabaki wazi.

Sasa tokeni nje, tazameni baraza. Kwa maelezo yako, vyumba vinavyoumwa ni vya mbele tu, na mbele ndiko iliko baraza. Mimi mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo baraza. Baraza nyingi za Ngamiani zimejengwa kwa kuinua ukuta mfupi, kujaza udongo na kifusi katikati, kisha kusakafia juu. Ule udongo unagusa ukuta wa nyumba moja kwa moja, tena mara nyingi unafika juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Hata kama marehemu baba aliweka juu ya msingi ile nailoni nzito ya kuzuia maji yasipande, ambayo mafundi huiita DPM, udongo wa baraza unairuka na kuupa ukuta maji kutoka ubavuni. Mvua inapiga juu ya baraza, maji yanaingia kwenye ufa mwembamba ule kati ya baraza na ukuta, na udongo wa ndani unabaki umelowa wiki nzima baada ya mvua kukatika. Mwageni ndoo ya maji juu yake mwone yanakokimbilia. Yakielekea ukutani, au yakituama kwenye kona, jibu mnalo.

Sisemi mvunje baraza. Nyumba ya Ngamiani bila baraza, wageni wa jioni mtawakalisha wapi? Vunjeni ukanda mmoja tu unaogusa ukuta, upana wa sentimita 20 hivi, kwa tindo na nyundo. Toeni udongo wa ukanda huo mpaka chini ya usawa wa sakafu ya ndani, angalau sentimita 15, ila msifike kwenye kitako cha msingi. Acheni uso wa ukuta upigwe na upepo siku kadhaa. Kisha shusheni nailoni nzito ukutani, ijazeni nafasi hiyo kokoto badala ya udongo, na juu sakafieni upya kwa mwinamo wa kwenda barabarani, sentimita 2 au 3 kwa kila mita. Pima maji ya kawaida inatosha kuukagua mwinamo huo. Kwenye kichochoro cha pembeni, ukikuta udongo au bustani ya maua imepanda juu ya sakafu yenu, ishusheni vilevile. Kama kichochoro ni cha pamoja, muoneni jirani kwanza, maana maji mnayoyaondoa kwenu yasiende kwake.

Bati nalo liangalieni. Kama halina gata, maji ya paa zima yanapiga chini ya ukuta na kurukia juu. Gata la upande wa mbele peke yake litaleta tofauti kubwa.

Mkishamaliza nje ndipo mhamie ndani. Zimeni meni swichi kwanza. Soketi zilizo kwenye ukuta uliolowa zinaua, na waya ndani ya lipu hauonekani. Kama kuna soketi ndani ya eneo la unyevu, mwiteni fundi umeme azitoe na kuzipandisha, hiyo siyo kazi ya kujaribu. Pia kama ukuta au bomba limewahi kuwapiga shoti hata kidogo, msigusane nalo mpaka yeye aje.

Toeni lipu yote yenye ugonjwa na mpande nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa, lakini chumvi hutangulia mbali kuliko inavyoonekana. Tofali likibaki wazi, lisugueni kwa brashi ngumu, kavu. Msilioshe. Maji yataiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya tofali. Kifusi na unga wake vizoeni siku hiyo hiyo mkavitupe mbali, msivirundike chini ya ukuta, wala msimruhusu mtu avitumie kujazia baraza.

Halafu subirini. Najua ni vigumu kuishi na ukuta wa matofali wazi, na wageni watauliza. Lakini lipu ya mapema ndiyo iliyowaharibia mara mbili. Katika nchi za baridi wajenzi huhesabu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Huku kwetu joto na upepo vinasaidia, ila hesabuni miezi, si siku. Muda mzuri wa kuvunja ni masika yakishakwisha, ukuta ukaukie kwenye upepo wa kusi, au mwanzoni mwa Januari kwenye kaskazi kavu kama kazi ya nje imeshakamilika. Kila chumvi mpya inapotoka, isugueni tena. Rudieni kile kipimo cha nailoni. Siku mtakapoikuta kavu nyuma yake, ukuta uko tayari.

Lipu mpya isiwe saruji na mchanga peke yake. Tumieni ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 ya chokaa na ndoo 6 za mchanga. Chokaa huifanya lipu iwe laini zaidi na ipitishe unyevu, na hapa Tanga hatuna sababu ya kuikosa, mawe yake yamejaa Amboni. Nunueni chokaa ya unga iliyokwisha kuzimwa, iloweni kwenye pipa usiku kucha kabla ya kuchanganya. Msinunue mabonge ambayo hayajazimwa, yakikutana na maji yanachemka na kurusha. Hata ile ya unga inachoma ngozi na macho, kwa hiyo vaeni glavu na miwani, watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, lisafisheni kwa maji mengi ya bomba kwa angalau dakika 15, kisha hospitali.

Mchanga ndio utakaoamua kama mtarudia kazi hii. Wa ufukweni msiukubali hata ukipewa bure, maana mtakuwa mmeweka chumvi kwa mikono yenu. Muuzaji akikwambia ni wa mtoni na huna hakika, chukua mchanga kikombe kimoja, uloweke kwenye maji safi, ukoroge vizuri, uchuje kwa kitambaa, kisha hayo maji yachemshe kwenye sufuria safi mpaka yakauke. Chemsha pia maji ya bomba peke yake, ya kiasi kile kile, kwenye sufuria nyingine ulinganishe. Ule wa mtoni hauachi weupe mwingi. Wa baharini unaacha ukoko wa chumvi utakaouona mwenyewe.

Pigeni lipu kwa tabaka mbili nyembamba. Lipu ya upande wa chumbani iishie sentimita 2 juu ya sakafu, na ya upande wa nje ya nyumba isishuke mpaka kugusa ardhi, vinginevyo lipu yenyewe inakuwa daraja la maji. Inyunyizieni maji kidogo kwa brashi asubuhi na jioni kwa siku chache isipasuke. Maji hayo ya kunyunyiza hayana ubaya, kiasi chake ni kidogo na hayatoki ardhini. Ikikauka vizuri, pakeni chokaa au rangi ya maji ya kawaida isiyong'aa. Rangi ya mafuta iacheni kwa milango.

Wenye nyumba kongwe za mawe na chokaa, za Pangani na Bagamoyo, hesabu yao ni tofauti kidogo: wao wasiweke saruji kabisa, watumie chokaa 1 kwa mchanga 3. Msikiti na makaburi ya Tongoni, hapo kusini kwetu, vilijengwa kwa mawe na chokaa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na kuta kadhaa bado zimesimama mbele ya upepo wa bahari.

Kama mtafanya haya yote na unyevu ukaendelea kupanda kwenye kuta za katikati ya nyumba pia, ambazo hazigusi baraza, basi msingi hauna kizuizi. Kukiweka leo kunahitaji kukata ukuta kipande kwa kipande huku sehemu nyingine ikibeba mzigo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu chini ya uangalizi wa mhandisi. Mkiona ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, au nondo iliyoshika kutu na kusukuma zege, simamisheni kazi mumwite mtu aje aone.

Kuhusu mama, asisubiri hayo yote. Mhamishieni chumba cha nyuma leo, na wakati wa kuvunja lipu asiwepo nyumbani, vumbi lile halimfai mwenye pumu. Ikiwa lazima abaki chumba kile kwa muda, kitanda na kabati viondoke ukutani kiasi cha mkono kupita, dirisha liwe wazi mchana. Ukungu mweusi ufuteni kwa maji ya sabuni, anayefuta avae barakoa, na kitambaa kitupwe. Msichanganye dawa ya kung'arisha nguo na ile ya kusafishia choo mkidhani itaua ukungu haraka, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Nitumie matokeo ya ile ndoo ya maji juu ya baraza, na ya mita. Kama mita imesogea, tutaanza na bomba kabla hamjanunua hata kokoto.