Kabla ya pampu, shika jembe

Wiki hii ni maji tu. Nimechagua maswali yenu sita ya umwagiliaji. Mengine, zaidi ya kumi, yanauliza "pampu gani nzuri?" bila kutaja ekari, udongo wala umbali wa shamba na ziwa. Hayo sijibu. Hata muuza pampu akikujibu hivyo hivyo, mkimbie.

Shikamoo Bwana Shamba. Hapa Mwanza kuna viwanda vya bia, na nasikia hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, zina bei. Nina ekari mbili Igombe, ziwa lipo jirani. Niweke dripu, ile mipira ya matone, ya aina gani?

Marahaba kijana. Dripu siyo shida yako. Shida yako ni jua. Hopsi ni mmea wa nchi zenye kiangazi cha siku ndefu, kama Yakima kule Marekani au Hallertau Ujerumani, ambako mwezi Juni mwanga unafika karibu masaa 16. Siku zikirefuka, mmea unapanda kamba mita tano na zaidi. Zikianza kufupika, unatoa maua. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta: Januari masaa 12, Julai masaa 12. Hopsi ya Igombe itadhani msimu umekwisha kabla haijakufika kifuani, itatoa vimaua viwili vitatu, na hadithi yake itaishia hapo. Wakulima wa George, Afrika Kusini, walifikia kuwasha taa shambani usiku mpaka zilipopatikana aina zinazovumilia siku fupi. Wewe utawasha ekari mbili kwa LUKU ya nani?

Na tuseme umefaulu. Kiwanda hakinunui maua mabichi kwa debe. Hopsi hukaushwa mara tu ikivunwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 10, na mnunuzi hupima uchungu wake maabara. Kabla hujanunua mche, uliza nani atanunua zao. Nimeyasema haya kwenye vanila, nikayasema kwenye aloe vera, nimechoka.

Cha kuiga kipo, lakini. Bonde la Yakima ni kavu, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, kwa hiyo mkulima wa kule anajua maji yamefika wapi kwenye mizizi. Pia huondoa majani ya chini ya shina ili hewa ipite na ubwiri, ule ukungu wa majani, usipande. Ukipanda pesheni, nazo zinataka huduma hiyo hiyo.

Nimenunua pampu ya inchi tatu, karatasi inasema lita 1,000 kwa dakika. Nimeifunga juu karibu na nyumba isiibwe, lakini haivuti. Fundi anasema ni feki. (Mama wa Sengerema)

Mama, pampu yako huenda ni nzima kabisa. Kusukuma ni kazi ya injini, lakini kuvuta ni kazi ya hewa, na ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ikikaa zaidi ya mita sita juu ya uso wa maji unaitesa bure. Iteremshe, isukume kwenda juu, jioni irudi nyumbani kwa toroli. Zile lita 1,000 ni za pampu isiyo na mlima mbele yake. Chukua pipa la lita 200 na saa ya simu, upime mwenyewe pale maji yanapotokea shambani.

Hukuuliza, lakini nasema: usijenge kibanda cha pampu ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kibali cha kutumia maji kipo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Na anayeingia majini kurekebisha mpira wa kuvutia avae gambuti. Kichocho hakibishi hodi.

Nyanya zimwagiliwe mara ngapi kwa wiki?

Mara ya nne swali hili, na mara ya nne hakuna aliyetaja udongo. Luseni ya mlimani, yaani udongo wa kichanga, inakunywa haraka na kusahau haraka: mpe kidogo kidogo, karibu kila siku. Mbuga nyeusi, yaani mfinyanzi mzito, inashika maji siku nyingi. Ukiifuata ratiba ya jirani mwenye luseni, utaozesha mizizi huku juu pamekauka na kupasuka.

Chimba kando ya shina mpaka kina cha kiganja na nusu. Finyanga udongo. Ukishikana bila kutoa maji, ondoka shambani. Ukimwagika kama unga, umechelewa. Kwa hesabu, nyanya zilizofunika ardhi wakati wa kiangazi zinaweza kunywa milimita tano kwa siku. Milimita moja juu ya ekari ni kama lita 4,000, kwa hiyo ni lita 20,000, yaani mapipa 100. Sasa rudi uangalie ndoo zako. Kukausha siku tano kisha kufurikisha siku moja ndiko kunakoozesha kitako cha nyanya, halafu mnakwenda dukani kununua dawa ya kantangaze, ambaye ni mdudu.

Matundu ya dripu yanaziba kila wiki mbili. Nizibue kwa sindano?

Sindano inapanua tundu, na tundu lililopanuka linanyima wenzake. Ziwa lina mwani. Nunua chujio na ulioshe kila siku unayomwagilia. Mdomo wa mpira wa kuvutia uning'inize kwenye dumu linaloelea, usiguse tope wala utando wa juu. Kila wiki fungua ncha za mipira, maji yatoke mpaka yawe safi.

Pesheni zangu za njano zina maua tele, matunda hakuna. Niongeze maji?

Hapana. Maua ya pesheni ya njano hufunguka mchana, na bila shaka wewe unapiga dawa mchana. Umewaua wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Piga dawa jioni sana. Na kama miche yote ni vipandikizi vya mama mmoja, tafuta wa mama mwingine, maana haijizalishi yenyewe.

Vuli ikianza nizime dripu?

Umechimba?